Nusu Kaputi: Nani Ashikilie Nusu Iliyobaki?

Madaktari husema usingizi wa upasuaji. Mitaani watu wana jina lao: nusu kaputi. Mtu amekufa nusu, na ile nusu iliyobaki iko mikononi mwa mwenzake. Mjadala huu unamhusu huyo mwenzake. Awe nani? Awe amesomea kazi hiyo kwa muda gani? Na asipokuwepo, aliyepo aishike sindano au aiache?

Wasemaji wanne nimewatunga mimi, na usiku wanaoubishania ni wa kubuni, ingawa hakuna mhudumu wa kijijini atakayeushangaa. Tafiti na takwimu wanazotupiana ni za kweli. Nimewaketisha kwenye benchi nyuma ya kituo kimoja cha afya cha vijijini Tanzania, chini ya mwarobaini, saa ya chai. Yupo BINGWA, daktari wa usingizi kutoka hospitali ya rufaa. Yupo TABIBU, daktari msaidizi anayepasua wajawazito kituoni hapo. Yupo SISTA, muuguzi wa usingizi, mmoja tu ambaye kituo kinaye. Na yupo MAMA, mkulima, mtoto wake wa miezi minne amelala mgongoni.

TABIBU: Mimi naanza na usiku, Daktari, maana sera zenu huandikwa mchana. Saa nane, mvua inanyesha. Mama huyu analetwa kwa bodaboda, uchungu umeingia siku ya pili, mkono wa mtoto umetangulia kutoka. Nikaweka kifaa cha kusikilizia, mapigo ya mtoto bado yapo. Hospitali ya wilaya ni kilomita 90 na mto katikati umefurika. Chumba cha upasuaji ninacho. Kupasua nimefundishwa. Ketamini imo kabatini. Kilichokosekana ni mtu mmoja: Sista hapa alikuwa likizo ya uzazi.

SISTA: Nilikwenda kuzaa, na mimi ni mwanamke.

TABIBU: Hakuna anayekulaumu, Sista. Nasema tu kwamba kituo kizima kilikuwa kimesimama juu ya tumbo lako. Sasa, Daktari, nikamwita mkunga wa zamu. Nikambana mama kidole kwa kipima oksijeni, nikamwambia mkunga: wewe usitazame damu, usinitazame mimi, tazama namba hii na kifua hiki. Nikachoma ketamini taratibu, nikasubiri, nikanawa, nikapasua. Mama ndiye huyu. Mtoto ndiye huyo. Kama jibu lako ni kwamba ningeacha, liseme wakusikie.

BINGWA: Kwanza, mama, hongera kwa mtoto. Wala sisemi angeacha. Ningekuwa mimi usiku ule, ningechoma. Lakini kuna tofauti kati ya kumsamehe mtu aliyevuka mto kwa gogo na kuandika sera kwamba magogo ni madaraja. Wewe unanipa usiku mmoja. Mimi nauliza kuhusu usiku wa pili, wa mia, wa elfu.

TABIBU: Elfu hiyo imekwisha kuhesabiwa. Kenya walifundisha wahudumu wasio wa usingizi kwa siku 5, wakawapa ketamini, kipima oksijeni na orodha ya hatua, wawe tayari kwa dharura ambayo mtaalamu hapatikani. Mwaka 2017 walichapisha matokeo ya upasuaji 1,216 mfululizo. Hakuna kifo wala madhara makubwa yaliyotokana na ketamini. Wachache walishuka oksijeni kwa muda, wakarudi. Unataka ushahidi gani zaidi?

BINGWA: Nautaka huo huo, ila tuusome wote mpaka mwisho. Sifuri kati ya 1,216 si sifuri ya milele. Waulize watu wa takwimu: matokeo kama hayo yanaweza kuficha kifo kimoja katika kila watu 400 hivi, kikawa hakijajitokeza tu. Kwa dharura ambayo njia nyingine ni kaburi, 1 kwa 400 ni biashara nzuri. Kwa utaratibu wa kila siku, ni balaa.

MAMA: Mwanangu, hiyo ketamini ndiyo nini hasa? Kila mtu anaitaja kama jirani, na mimi niliyechomwa sijaambiwa.

BINGWA: Samahani, mama. Ni dawa iliyotengenezwa Marekani mwaka 1962, na tangu 1985 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa nyingi za usingizi zinakulaza huku zikikaba pumzi na kushusha presha. Hii ni ya ajabu kidogo: inakutenganisha na mwili wako, lakini kwa kawaida unaendelea kupumua mwenyewe, na presha inapanda badala ya kushuka. Ndiyo maana kwetu tunasema ina huruma. Macho yako yanaweza kubaki wazi, yanachezacheza, na hujui unachokitazama.

MAMA: Najua nilichokitazama. Paa lilifunguka kama kanga inavyofunuliwa kwa upepo, nikawa naelea juu ya shamba la baba yangu. Na huko juu nasikia mtu anahesabu. Tisini na sita. Tisini na sita. Tisini na nne. Nikasema moyoni, huyu anahesabu mahindi yangu, na yanapungua.

SISTA: Huyo alikuwa mkunga, mama. Alikuwa anasoma oksijeni yako kwa sauti.

BINGWA: Na alipofika tisini na nne, Tabibu, ulifanya nini?

TABIBU: Nilimwambia ainue kidevu cha mama na afungulie oksijeni. Ikapanda.

BINGWA: Mikono yako ikiwa wapi?

TABIBU: Ndani ya tumbo.

BINGWA: Hapo ndipo penye hofu yangu. Ketamini ina huruma, lakini huruma hiyo ina kikomo. Mate hujaa kinywani. Koo linaweza kujifunga ghafla. Tumbo la mjamzito aliye kwenye uchungu halina saa ya kuwa tupu. Akitapika, matapishi yanaingia mapafuni. Na oksijeni ina tabia ya ukingo wa mlima: inashuka polepole hadi karibu na tisini, halafu inaporomoka. Mkunga asingejua la kufanya baada ya kidevu, na wewe ungelazimika kuchagua: damu ya huku au pumzi ya kule. Siku 5 hazimfundishi mtu kuchagua.

SISTA: Naomba niseme hapa, maana wanaume wawili mnagombea sindano kana kwamba sindano ndiyo kazi. Kuchoma ni dakika moja. Kazi ni kukaa. Mimi nikiwa thieta nakaa kichwani kwa mgonjwa, kidole kwenye mshipa wa shavuni, na sikio kwenye mlio. Kile kipima oksijeni hulia kwa kila pigo la moyo, na namba ikishuka sauti nayo inashuka, inakuwa nzito. Nasikia mabadiliko kabla sijainua macho. Anayelaza watu usingizi ndiye pekee chumbani asiyeruhusiwa kusinzia wala kutumwa mkasi.

BINGWA: Ahsante, Sista. Ndiyo maana nasema kazi hii ina wenyewe. Mwaka 2016 ulitoka uchambuzi wa tafiti kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati: katika kila vifo 7 hivi vya wazazi baada ya upasuaji, kimoja kilihusishwa na usingizi. Na pale usingizi ulipotolewa na mtu asiye daktari, vifo vya wazazi vilikuwa 9.8 kwa kila usingizi 1,000. Ulipotolewa na daktari, 5.2.

SISTA: Huyo "asiye daktari" ni mimi.

BINGWA: Sikukusudia...

SISTA: Najua hukukusudia, Daktari, lakini takwimu imekusudia. Sasa jiulize, asiye daktari yuko wapi? Yuko huku, ambako mama anafika siku ya pili, damu ya kuongeza hakuna, umeme unakatika. Daktari yuko kwako, ambako kuna benki ya damu na chumba cha wagonjwa mahututi. Ukipima vifo vyangu dhidi ya vyako, umepima barabara, damu na umeme, kisha ukaandika jina langu juu yake. Uganda waliwahi kuwauliza watoa usingizi wana vifaa gani. Matokeo yalichapishwa 2007. Waliosema wanavyo vya kutosha kumlaza salama mama wa kupasuliwa walikuwa asilimia 6. Hao asilimia 94 waliobaki, hata ungewavika joho la udaktari, wangefanya kazi kwa vifaa gani?

TABIBU: Hayo yalisemwa pia kuhusu sisi tunaopasua. Walitudharau hivyo hivyo, hadi watafiti walipokwenda Mwanza na Kigoma kulinganisha upasuaji wa uzazi wa madaktari wasaidizi na wa madaktari kamili. Mwaka 2009 wakaandika kwamba hawakuona tofauti ya maana katika matokeo.

BINGWA: Lakini ninyi mlisoma kwa miaka, Tabibu, si siku 5. Mfano huo unanisaidia mimi. Unaonyesha kwamba cheti si lazima kiwe cha udaktari, ila mafunzo lazima yawe mafunzo. Hata Ifakara, walipotaka vituo vya afya vijijini vianze kupasua, wauguzi na wakunga walifundishwa usingizi kwa miezi 3, si wiki moja, kisha wakaendelea kusimamiwa.

TABIBU: Miezi 3 nakubali. Ila miezi 3 ya nani? Kituo hiki nikimpeleka mkunga mmoja masomoni, wodi ya wazazi inabaki na mmoja. Kuna kipimo cha dunia, kimetajwa tangu 2015 na tume ya jarida la Lancet: mtu afike ndani ya saa 2 mahali anapoweza kupasuliwa uzazi, kufunguliwa tumbo au kutibiwa mfupa uliovunjika ukatoka nje. Tume hiyo hiyo ilisema watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama kwa bei wanayoimudu. Saa 2, Daktari! Wewe unanipa miezi, mama ana saa. Waswahili walisema heri nusu shari kuliko shari kamili.

BINGWA: Nusu shari ikizoeleka huitwa kawaida. Unajua Shirikisho la Dunia la vyama vyetu linataka nini? Madaktari wa usingizi wasiopungua 5 kwa kila watu 100,000, na nchi nyingi za Afrika hazijafikisha hata mmoja. Mimi nimeandika barua za maombi ya ajira mpaka wino umekauka. Siku mwenye fungu la fedha atakaposikia kwamba siku 5 na chupa ya ketamini zinatosha, ataniuliza: wewe wa kazi gani? Sitetei ulaji wangu. Naogopa kwamba dharura yako itakuwa kisingizio chake.

Hapa palikuwa kimya kidogo. Mtoto aliamka, akanyonyeshwa, akalala tena.

MAMA: Kwa hiyo Tabibu akichoma, ananiponya mimi na kumfunga mwingine mlango wa kuajiriwa?

BINGWA: Umeliweka sawa kuliko mimi, mama.

TABIBU: Na mimi nisipochoma?

BINGWA: Mwenye fungu hatajua, kwa sababu waliokufa njiani hawaandikwi thieta.

SISTA: Basi tuzungumze kuhusu kuandika. Karatasi ina nguvu zake. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa hospitali 8 duniani, mojawapo ni ya Ifakara. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja, maswali yanayosomwa kwa sauti: mgonjwa ni huyu? Kipima oksijeni kimefungwa, kinafanya kazi?

BINGWA: Karatasi inafanya kazi pale palipo na mikono. Mwaka 2018 tulipata picha ya kwanza pana ya bara letu: wagonjwa 11,422, hospitali 247, nchi 25. Baada ya upasuaji walikufa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wengi walikuwa vijana na wenye afya kuliko wa kwingineko. Kwa mama wa kupasuliwa, karibu 5 kwa kila 1,000, mara 50 ya nchi tajiri. Na zaidi ya 9 kati ya 10 ya vifo vyote vilitokea baada ya siku ya upasuaji, wodini.

TABIBU: Unaona! Hawakufia mikononi mwa mtoa usingizi.

BINGWA: Subiri. Watafiti wale wale wakasema, kama vifo viko wodini, tuwatambue walio hatarini na kuwaangalia kwa karibu zaidi. Wakajaribu kwa wagonjwa 28,892 katika nchi 28. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: vifo havikupungua. Waliambiwa "mwangalieni zaidi", na aliyeambiwa ni muuguzi yule yule, wodi ile ile, usiku ule ule. Huwezi kugawa jicho moja vitanda 40 kisha ukaliita uangalizi.

SISTA: Hilo umelisema vizuri, na ndilo linalonifanya nisikubaliane na ninyi wote wawili. Tabibu anaomba ruhusa. Wewe unaomba katazo. Hakuna anayemwombea aliyekaa kichwani. Ngojeni.

Aliingia ndani, akarudi na daftari la thieta, lile kubwa lenye jalada gumu na mistari iliyochorwa kwa rula. Akalifungua kwenye benchi, akapitisha kidole hadi tarehe ya mvua ile.

SISTA: Niliporudi likizo hiki ndicho nilichokikuta. Jina la mgonjwa, lipo. Umri, upo. Sababu: mtoto kukaa vibaya, mkono umetangulia. Aina ya upasuaji, ipo. Mpasuaji, saini ya Tabibu. Aina ya usingizi: ketamini. Mtoa usingizi...

MAMA: Mbona pana mstari tu?

TABIBU: Mimi ndiye niliyeupiga.

BINGWA: Kwa nini?

TABIBU: Kwa sababu mkunga hana ruhusa. Ningeandika jina lake, mkaguzi angemwita. Ningeandika langu, ningeulizwa nilikuwaje watu wawili. Mstari haumshitaki mtu.

SISTA: Wala haumdai mtu. Na hii si mara moja. Katika miezi mitatu niliyokuwa likizo nimehesabu mistari tisa. Usiku tisa ambao kituo hiki kilihitaji mtoa usingizi na hakikuwa naye, na serikalini tisa hiyo ni sifuri. Mwezi uliofuata mganga mfawidhi alipeleka ikama ya watumishi, mtoa usingizi: anahitajika 1, yupo 1, pengo hakuna.

Bingwa alilivuta daftari karibu, akavaa miwani. Alisoma mistari yote tisa bila kusema kitu.

BINGWA: Nilidhani katazo linanilinda dhidi ya usiku kama huu. Kumbe linaninyima habari zake tu.

TABIBU: Basi ruhusu.

BINGWA: Siruhusu hivi hivi. Turudi Kenya. Nimekuwa nikiwalaumu kwa siku 5, nikasahau kilichonipa mimi uwezo wa kuwalaumu: walihesabu kila mgonjwa. Hao 1,216 wana safu zao, na oksijeni ilipoteleza waliandika imeteleza. Nikipinga, napinga kwa namba zao. Wewe, Tabibu, hujanipa hata cha kukupinga. Kwa hiyo nitakubali dharura, kwa masharti. Anayepasua asiwe anayeangalia; kama hakuna mtu wa pili, sindano isishikwe mpaka apatikane, hata awe mlinzi anayeweza kusoma namba na kuinua kidevu. Kipima oksijeni kiwepo. Simu ipigwe kwa zamu yangu kabla ya kuchoma, si baada ya kuharibika. Na jina liandikwe.

SISTA: Na kila jina la dharura lihesabiwe kama siku ya pengo kwenye ikama. Tisa kwa miezi mitatu ni hoja ya ajira. Mpango wa taifa wa upasuaji, uzazi na usingizi uliozinduliwa 2018 ulikuwa wa hadi 2025. Utakaofuata usiandikwe kutoka kwenye hesabu za mistari mitupu.

TABIBU: Na dawa yenyewe tusinyang'anywe. Mwaka 2015, huko Vienna, China ilitaka ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa kimataifa kwa sababu ya vijana wanaolewea. Shirika la Afya Duniani lilishauri isiwekwe, kura ikaahirishwa. Ingepita, kabati langu lingekuwa tupu usiku ule, na mjadala huu tusingekuwa nao.

BINGWA: Katika hilo mimi na wewe ni upande mmoja tangu mwanzo.

TABIBU: Na mkunga wangu akiitwa na mkaguzi?

Bingwa hakujibu upesi, na kwangu mimi mwandishi hapo ndipo mjadala ulipobaki wazi. Masharti yale ni mazuri, lakini yote yamewekwa mabegani mwa watu wa chini: mkunga aandike jina, Tabibu apige simu, Sista ahesabu mapengo. Upande wa juu haujaahidi kitu. Mtu hawezi kuambiwa aandike ukweli kwenye daftari ambalo litatumika kumwadhibu. Kwa hiyo nadhani hatua ya kwanza si ya kituo hiki. Ni ya wizara na mabaraza ya taaluma: watamke kwamba anayetoa usingizi wa dharura kwa masharti hayo, akaandika, analindwa, na anayeacha mstari ndiye wa kuulizwa. Kinga hiyo iwe na muda wake, na iishe kituo kinapopata mtoa usingizi wa pili. Bila muda, hofu ya Bingwa itatimia na gogo litaitwa daraja.

Sikuyasema hayo pale benchini, kwa kuwa Mama alikuwa ameshika kalamu ya Sista.

MAMA: Yule mkunga anaitwa nani?

Tabibu akamtajia. Mama hakuwa mwandishi wa haraka. Alimlaza mtoto mapajani, akainamia daftari, akaandika juu ya ule mstari herufi moja moja, huku Tabibu akitazama pembeni na Bingwa akimshikia ukurasa usipeperuke.